Sudan Kusini: Kura Ilijibu Swali Moja Tu

Kila mapigano yanapozuka upya Sudan Kusini, kauli ileile huibuka vijiweni, kwenye makundi ya WhatsApp na hata katika vyumba vya habari vya Nairobi na Dar es Salaam: "Si walitaka nchi yao? Wamepewa, imewashinda." Wanaosema hivyo hukumbuka misururu ya Januari 2011, watu wa Kusini walipopiga kura ya kujitenga na Sudan, kisha huitazama Juba ya leo na kuhukumu kwamba kura ile ilikuwa kosa.

Hukumu hiyo naipinga, kwa sababu inawabebesha wapiga kura mzigo usio wao. Watu wa Sudan Kusini waliulizwa swali moja, wakalijibu, na jibu lao lilikuwa sahihi. Waliolichukua jibu hilo wakalitumia kwa kazi ambayo halikutolewa kwa ajili yake ni watu wengine, na wengi wao wangali madarakani.

Matokeo ya mwisho yalitangazwa Khartoum, mji mkuu wa Sudan, tarehe 7 Februari 2011 na tume iliyoongozwa na Profesa Mohamed Ibrahim Khalil, mwanasheria mkongwe kutoka Kaskazini. Kura 3,792,518 zilichagua kutengana, na 44,888 zilichagua umoja. Asilimia 98.83. Sheria ilitaka angalau asilimia 60 ya walioandikishwa wajitokeze ili matokeo yawe halali; walijitokeza zaidi ya asilimia 97. Karatasi ya kura iliwafikiria wale ambao vita viliwanyima shule: mkono mmoja ulioinuliwa kwa kutengana, mikono miwili iliyoshikana kwa umoja.

Najua kwamba asilimia 98 na ushee humtia shaka mtu yeyote aliyekulia katika bara hili. Tumewaona marais wengi mno wakijitangazia ushindi wa namna hiyo. Na ni kweli kwamba zipo wilaya za Kusini ambazo hesabu ya kura ilizidi idadi ya walioandikishwa, jambo ambalo waangalizi waliliona na kulitaja. Lakini hata ukizitupa wilaya hizo zote nje, jibu halibadiliki. Benjamin Mkapa, aliyeongoza jopo la Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa lililofuatilia kura ile, alikuwa Rais wa Tanzania kwa miaka kumi na alizijua chaguzi kwa ndani. Jopo lake lilikubali kwamba matokeo yale yalikuwa matakwa ya watu. Jimmy Carter na Kofi Annan nao walikuwepo kushuhudia.

Anayetaka kuielewa kura ile aanzie Torit, mji wa Kusini, Agosti 1955, miezi michache kabla Sudan haijapata uhuru wake tarehe 1 Januari 1956. Askari wa Kusini waliasi kwa sababu waliona wazi kwamba Mwingereza anaondoka na kiti chake kinakaliwa na Khartoum. Vita vya kwanza vilidumu hadi Mkataba wa Addis Ababa wa 1972, uliowapa Kusini serikali yao ya ndani. Mwaka 1978 mafuta yakagunduliwa karibu na Bentiu. Mwaka 1983 Rais Jaafar Nimeiri akaigawa Kusini mikoa mitatu, akauvunja mkataba aliousaini mwenyewe, na mnamo Septemba akatangaza sheria za Kiislamu nchi nzima. Vita vya pili vilianza mwaka huohuo, vikaua watu wanaokadiriwa kufikia milioni mbili na kuwang'oa makwao milioni nne. Sisi majirani tuliviona vita hivyo kwa macho yetu: ndege za misaada zikiruka kutoka Lokichogio, na watoto waliotembea kwa miguu kupitia Ethiopia hadi kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa 1992.

Kwa hiyo mtu anayeketi Mombasa au Mwanza na kusema "afadhali wangebaki na Khartoum" anapaswa kwanza kusema wangebaki na Khartoum ipi. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Jambo hili lina upande mwingine ambao husahaulika. John Garang, aliyeongoza vita vile kwa miaka 21, hakuanza akitaka kutengana. Alikuwa na wazo la Sudan Mpya, nchi moja ambamo mtu wa Bor, Kusini, na mtu wa Omdurman, Kaskazini, wangekuwa sawa mbele ya sheria. Wazo hilo lina harufu ya Afrika Mashariki ndani yake, maana Garang alipitia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zama zile ambapo wanafunzi wa Mlimani walijadili ukombozi wa bara zima. Tarehe 9 Januari 2005 alisaini Mkataba wa Amani Nairobi, baada ya mazungumzo marefu ya Machakos na Naivasha yaliyosimamiwa na Jenerali Lazaro Sumbeiywo wa Kenya. Mkataba uliwapa Kusini haki ya kupiga kura baada ya miaka sita, na ukazitaka pande zote mbili zitumie miaka hiyo kuufanya umoja uvutie. Tarehe 30 Julai 2005 Garang akafa katika ajali ya helikopta akitoka Uganda.

Khartoum ilikuwa na miaka sita ya kuwashawishi watu wa Kusini kwamba umoja una faida. Ingeweza kujenga barabara, hospitali, shule. Badala yake, Desemba 2010, wiki chache kabla ya kura, Rais Omar al-Bashir alisimama Gedaref na kusema kwamba Kusini wakiondoka katiba itabadilishwa, na habari za nchi yenye makabila na tamaduni nyingi hazitakuwepo tena. Mpiga kura wa Malakal au Wau hakuhitaji kampeni nyingine.

Furaha iliyofuata ilikuwa ya kweli, na naikataa dhihaka inayofanyiwa sasa. Tarehe 30 Januari, matokeo ya awali yaliposomwa Juba kwenye kaburi la Garang, watu walicheza na kulia. Wengi walikuwa na ndugu ambao makaburi yao hayajulikani yalipo. Juma la kura lilipokwisha, Salva Kiir, kiongozi wa Kusini baada ya Garang, alikwenda kanisani Juba akawaomba waumini wawasamehe waliowaua ndugu zao, kama Yesu alivyosamehe msalabani. Wapiga kura wa nje, takriban 60,000 walioandikishwa kuanzia Nairobi na Kakuma hadi Australia na Marekani, nao walipiga kura kwa wingi uleule.

Khartoum ilikuwa na nyuso zaidi ya moja. Bashir alikwenda Juba tarehe 4 Januari na kuahidi kwamba angeyaheshimu matokeo, na siku ya kutangazwa aliyakubali rasmi. Kwa hilo hakusema uongo. Wasomi na wanasiasa wa mrengo wa kushoto walioamini Sudan moja walihuzunika kama watu waliofiwa. Lakini kulikuwa na kundi jingine, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi. Al-Tayeb Mustafa, mjomba wa Bashir na mwenye gazeti la Al-Intibaha, alikuwa akipigania kwa miaka mingi Kusini waondoke ili Kaskazini ibaki ya Waarabu na Waislamu watupu. Kusini ilipojitenga alichinja fahali mweusi kusherehekea. Kwa hiyo mkulima wa Yei aliyepigia kura uhuru wake na mbaguzi wa Khartoum aliyeshangilia kuondoka kwake walifurahia matokeo yaleyale, kila mmoja kwa sababu inayoikana ya mwenzake. Anayehesabu shangwe tu bila kuuliza ni za nini hataelewa chochote kilichotokea baadaye. Siku hiyohiyo ya 30 Januari, vijana wa Khartoum na Omdurman waliingia barabarani kuipinga serikali yao, wakiwa wamehamasishwa na maandamano ya Misri, wakapigwa mabomu ya machozi. Kwao tatizo halikuwa Kusini. Tatizo lilikuwa Bashir, na lingebaki palepale Kusini wakiondoka.

Katika miji mikuu ya Afrika iliyotawala ni hofu. Mwalimu Nyerere alikuwa mmoja wa waliosukuma azimio la Cairo la 1964 la kuheshimu mipaka tuliyoachiwa na wakoloni, ingawa Nyerere huyohuyo aliitambua Biafra, iliyojitenga na Nigeria, mwaka 1968, akisema kwa kitendo kwamba mpaka haumpi mtawala ruhusa ya kuua watu wake. Muammar Gaddafi alionya kwamba Sudan itakuwa ugonjwa wa kuambukiza barani kote. Ugonjwa huo haukuenea. Mombasa kaulimbiu ya "Pwani si Kenya" ilipata nguvu miaka ileile, lakini mizizi yake ilikuwa mashamba na hati za ardhi za pwani, na haikuhitaji mfano wa Juba ili kuota. Nairobi na Kampala, kwa upande wao, zilitazama biashara. Benki za Kenya zilikuwa zimeshafungua matawi Juba, na bodaboda za vijana wa Uganda zilijaa barabarani.

Sasa nifike kwenye kiini cha hoja yangu.

Swali la Januari 2011 lilikuwa: mnataka kuendelea kutawaliwa kutoka Khartoum, ndiyo au hapana? Halikuwa: mnataka SPLM, chama cha Garang na Kiir, iwatawale? Halikuwa: mnamtaka Salva Kiir, kwa muda gani, na kwa mamlaka kiasi gani? Wala halikuwa: fedha za mafuta zigawanywe vipi? Lakini uongozi wa Juba ulizipokea zile asilimia 98.83 kama watu waliopigiwa kura wao binafsi. Kila aliyehoji jambo baadaye aliambiwa kwamba wananchi walishaamua.

Ushahidi ulikuwepo mapema, tena ndani ya siku zilezile za sherehe. Mwanzoni mwa Februari 2011 wanajeshi waliasi Malakal wakipinga kuhamishiwa Kaskazini, na watu zaidi ya 50 wakafa. Siku mbili baada ya matokeo kutangazwa, waziri wa ushirika, Jimmy Lemi Milla, aliuawa kwa risasi ofisini kwake Juba. Siku hizohizo wapiganaji wa George Athor, jenerali aliyeasi baada ya kushindwa ugavana wa Jonglei mwaka 2010, walishambulia Fangak na kuua watu zaidi ya 200. Athor hakuwa na ugomvi na uhuru. Alikuwa na ugomvi na namna uchaguzi wa ndani ulivyoendeshwa. Swali la pili, la nani atawale na kwa namna gani, lilikuwa limeshaanza kujibiwa kwa bunduki, huku dunia nzima ikiwa bado inapongeza jibu la swali la kwanza.

Kisha ikaja katiba ya mpito. Kiir aliisaini jukwaani siku ya uhuru, 9 Julai 2011, mbele ya wageni waliojaa kutoka kila pembe. Muda wa viongozi waliochaguliwa 2010, uchaguzi uliofanyika wakati Kusini ikiwa bado sehemu ya Sudan, ulisogezwa hadi 2015. Rais alipewa mamlaka ya kumwondoa gavana aliyechaguliwa na wananchi pakitokea kile kitakachoitwa mgogoro, na aliyatumia. Wachache walilalamika, lakini nani alikuwa na hamu ya kusikia malalamiko katika wiki ile? Wafadhili walikuwa wakishangilia, majirani walikuwa wakishangilia, na waandishi wa habari, mimi nikiwa mmoja wa kada hiyo, tuliandika zaidi kuhusu bendera mpya kuliko kuhusu ibara za katiba.

Mei 2012 Kiir mwenyewe aliwaandikia barua vigogo 75, wa zamani na wa wakati ule, akiwaomba warudishe dola bilioni 4 zilizopotea. Aliwaomba, hakuwashitaki. Mwezi Januari mwaka huohuo serikali yake ilikuwa imefunga visima vya mafuta kwa sababu ya ugomvi wa ada za bomba linalopita Kaskazini hadi Port Sudan, yaani karibu mapato yote ya nchi yalizimwa kwa uamuzi wa watu wachache. Julai 2013 Kiir alimfukuza makamu wake, Riek Machar, aliyekuwa ametangaza nia ya kugombea uongozi wa chama. Desemba 15 risasi zikaanza kulia Juba. Raia Wanuer, kabila la Machar, waliuawa majumbani mwao katika mitaa kama Gudele. Raia Wadinka, kabila la Kiir, wakauawa Bor. Utafiti uliotolewa 2018 ulikadiria kwamba vita vile vilisababisha vifo vya watu karibu 400,000, kwa silaha, kwa njaa na kwa maradhi.

Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyekufa kwa sababu ya kura ya Januari 2011. Walikufa kwa sababu chama kimoja kilikataa kuamua kwa kura nani awe mwenyekiti wake.

Atakayeniambia kwamba natetea tu, namwomba aitazame Eritrea. Aprili 1993 Waeritrea walipiga kura ya uhuru kutoka Ethiopia, na asilimia 99.8 walisema ndiyo. Walikuwa na haki kamili: walipigana miaka 30. Katiba iliandikwa na kuidhinishwa 1997, ikawekwa kabatini. Isaias Afwerki yuko madarakani tangu siku ile na uchaguzi wa kitaifa haujawahi kufanyika. Nchi mbili za Afrika zilizozaliwa kwa kura karibu ya pamoja kabisa, na zote mbili raia wake hawajawahi kumchagua rais tangu zilipopata uhuru. Sioni hiyo kuwa bahati mbaya. Karibu asilimia mia moja humpa kiongozi kisingizio kizito: taifa zima liko nyuma yangu, anayenipinga analipinga taifa na damu ya mashujaa.

Ng'ambo ya pili iko Somaliland, iliyojitangazia uhuru kutoka Somalia, ambayo kwa miaka zaidi ya 30 iliishi bila kutambuliwa. Mwaka 2001 wananchi wake waliipitisha katiba kwa asilimia 97. Miaka miwili baadaye walifanya uchaguzi wa rais ambao, baada ya mahakama kupitia hesabu, mshindi alimzidi mwenzake kwa kura 217 tu. Aliyeshindwa, Ahmed Silanyo, alikubali matokeo, akasubiri, na mwaka 2010 akashinda. Mwaka 2024 upinzani ulishinda tena na madaraka yakabadilishana mikono. Nayo ina makosa yake, na vita vya Las Anod vya 2023 vimeonyesha kwamba si kila mtu aliyemo ndani ya mipaka inayodaiwa anaukubali mpango huo. Lakini swali la pili huulizwa pale, mara kwa mara, kwa karatasi.

Wapo watu wengine ambao shangwe za 2011 ziliwafunika. Zaidi ya nusu ya zile kura 44,888 za umoja zilipigwa Kaskazini, na watu wa Kusini waliokuwa wakiishi huko. Walikuwa na nyumba, kazi, na watoto waliozaliwa Khartoum. Magazeti yaliwapuuza kama wasaliti au watu walionunuliwa. Baada ya uhuru walipoteza uraia wa Sudan, wakapewa hadi Aprili 2012 kuondoka au kupata vibali, na maelfu wakakwama na mizigo yao bandarini Kosti hadi ndege zilipopelekwa kuwachukua. Wasiwasi wao ulikuwa na msingi, na hakuna aliyewaomba radhi. Watu wa Abyei, eneo la mpakani linalogombewa na pande zote mbili, waliahidiwa kura yao siku ileile ya 9 Januari 2011, haikufanyika. Mei mwaka huo jeshi la Khartoum likaivamia Abyei, na Juni vita vikarudi katika milima ya Nuba, kwa watu waliopigana bega kwa bega na Garang kisha wakaachwa upande wa pili wa mpaka.

Na Khartoum je, ile iliyosherehekea kubaki peke yake, watu wa namna moja bila wa kuwasumbua? Kuanzia 15 Aprili 2023 majenerali wawili wa Kaskazini waliuteketeza mji ule wakigombea madaraka. Maelfu kwa maelfu ya Wasudani wamekimbilia kusini kupitia Renk, kuomba hifadhi katika nchi ileile waliyoambiwa imejitenga kwa sababu ya chuki.

Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mkataba uliosainiwa Dar es Salaam tarehe 15 Aprili 2016, wakati vita vikiendelea. Mkataba wa Jumuiya unataja utawala bora, demokrasia na utawala wa sheria katika misingi yake, ibara ya 6. Uchaguzi wa kwanza wa Sudan Kusini uliahidiwa 2015, ukaahirishwa; ukaahidiwa Desemba 2024, ukaahirishwa tena hadi Desemba 2026. Machi 2025 Machar aliwekwa kizuizini nyumbani kwake, na Septemba akafunguliwa mashitaka ya uhaini, na makubaliano ya amani ya 2018 kati yake na Kiir yakabaki karatasi. Marais wetu walikwenda Juba Julai 2011 kupunga mikono jukwaani. Wana wajibu wa kurudi kuuliza, hadharani na kwa sauti, ni lini mwanamke wa Bentiu aliyetembea kwa miguu kwa muda wa saa nne kwenda kuweka alama kwenye mkono mmoja ataletewa karatasi yenye majina ya watu, ili naye achague na amkatae anayetaka kumkataa.